Maji Chini ya Dizeli

Fundi Pampu hakufungua hata boliti moja. Aliinama ubavuni mwa trekta, akapuliza vumbi lililoganda juu ya pampu ya dizeli, akausukuma mkono wa mafuta kwa kidole kimoja. Ulipokataa kusogea alisimama, akaanza kujifuta mikono ambayo wala haikuwa imechafuka.

"Imekwama," alisema. "Pampu hii imekufa. Toeni, mtie nyingine."

"Nyingine inapatikana wapi?" aliuliza Dereva. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa banda, mkongojo katikati ya magoti, mkono wake wa kulia umelala pajani kama mzigo alioachiwa na mtu amshikie.

"Kwa trekta la enzi hizo? Haipatikani. Na ikipatikana itakuwa ghali kuliko trekta lenyewe."

"Hebu ifungue basi, uione ndani."

"Mzee wangu, mimi nafungua pampu za magari yanayotembea."

Dereva hakuwa mzee. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, lakini tangu kiharusi kimwangushe miezi sita iliyopita, kila aliyeingia uani pale alimwongezea umri bila kuombwa. Wengine walizungumza naye kwa sauti kubwa, kama kwamba ugonjwa ulikuwa umempiga masikio badala ya mkono na mguu.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma, futi ya kupimia nguo shingoni. Yeye ni mshonaji. Cherehani yake iko chumba cha mbele, na mtaa mzima unavaa vitu vilivyopita mikononi mwake.

"Fundi," alisema, "na sisi tukiifungua wenyewe?"

"Wewe na nani?"

"Mimi na mume wangu."

"Kwani wewe ni fundi wa nini, mama?"

"Wa nguo."

Fundi Pampu alicheka mpaka akashika mgongo. "Basi ikichanika mtaishona!"

"Nauli yako hii hapa," Mshonaji alisema, akamwekea noti kiganjani. "Kicheko umekipata bure, usituongezee."

Aliyemleta yule fundi alikuwa mdogo wake Dereva, karani wa ghala la nafaka, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alisubiri mgeni apotee njiani ndipo akasogea.

"Umemsikia mwenyewe, kaka. Sikumtuma aseme vile."

"Hakufungua hata boliti."

"Jumamosi mtu wa chakavu anakuja na lori. Saa sita mchana. Nimeshamwambia."

"Ulimwambia kabla ya fundi kufika au baada?"

Karani alitazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri hilo lisemwe mapema. Trekta waliachiwa yeye na kaka yake na marehemu baba yao, nusu kwa nusu, na kwa miaka ishirini hakuwahi kudai nusu yake. Lakini alikuwa amechoka kumwona kaka yake ameketi mlangoni mwa banda kila siku akilitazama lile chuma kama mtu anayemsubiri aliyesafiri.

"Nusu yako, nusu ya kaka yako," alisema mama yao, Bibi, aliyekuwa akiota jua barazani na aliyedhaniwa amelala. "Kateni katikati basi. Kila mtu achukue magurudumu mawili, mimi mniachie honi."

"Mama, sifanyi mzaha."

"Hata mimi."

Karani alivuta pumzi. "Sikilizeni. Shangazi akitoka kwenye lango lile kwa nguvu zake mwenyewe kabla ya saa sita Jumamosi, sitatia neno tena. Nusu yangu muichukue. Asipotoka, msininunie."

Shangazi ndilo jina la trekta. Alipewa na marehemu kwa sababu hakuwahi kufanya jambo lolote bila kukohoa kwanza, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mashamba yote ya bondeni yalikuwa yakilimwa naye, na mvua za kupandia zilikuwa wiki mbili mbele. Akipakiwa kwenye lori, nyumba ile ingebaki na cherehani moja na mwanamume wa kukaa kwenye kiti cha plastiki. Mshonaji alilijua hilo. Dereva alilijua zaidi.

"Jumamosi," alisema Dereva. "Haya."

*

Ilikuwa bado Jumatano, jua la alasiri. Dereva alisogeza kiti chake mpaka ubavuni mwa injini.

"Tuanze na tangi," alimwambia mkewe. "Chini yake kuna koki. Lete beseni, fungua, tuone dizeli yenyewe ikoje."

Mshonaji akaenda kuleta beseni, akakaa huko muda mrefu kuliko beseni linavyostahili. Alirudi, akapiga magoti, akaiweka spana kwenye koki, akaitoa, akaipangusa.

"Imekaza?" mumewe aliuliza.

"Haijakaza."

Akafungua. Kilichotoka kilikuwa cheupe, kikigonga beseni kwa sauti ya bomba la uani. Kisha kikawa na rangi ya kutu. Kilitoka, kikatoka, beseni likafika nusu, na mwisho kabisa ndipo ikaja dizeli, kidogo, ya kujaza chupa mbili tatu.

Dereva aliinama, akachovya kidole cha mkono wa kushoto, akakisugua kwa gumba.

"Maji," alisema. Uso ukaanza kumbadilika. "Maji yote haya hayakuingia kwa mvua. Mtu kayatia. Na aliyekuwa akifungua kifuniko cha tangi hili kila Jumapili nikiwa hospitalini ni mmoja tu."

"Dereva, subiri—"

"Kamuua Shangazi ili amuuze! Mama! Mwite huyo mwanao!"

Bibi hakuhitaji kuitwa mara mbili. Alimtuma mpita njia, na kabla jua halijapungua Karani alikuwa amesimama bandani, vumbi la magunia bado mabegani. Dereva alimwelekezea mkongojo. Alimwita mwizi. Alimwita nyoka wa tumbo moja. Maneno yalitoka yakigongana, maana ulimi wake ulikuwa bado mzito akikasirika, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Mimi?" Karani alisema. "Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka hospitali? Suruali yangu ilirarukia kwenye ngazi zile, kaka. Mimi?"

"Ni mimi," alisema Mshonaji.

Wote watatu waligeuka, hata Bibi barazani. Alikuwa bado amepiga magoti kando ya beseni. Akasimama, kwa sababu hakutaka kulisema jambo lile akiwa magotini.

"Maji niliyatia mimi. Dizeli niliiuza, dumu baada ya dumu. Dawa zilikuwa zinaisha siku ya Alhamisi, na mshahara wa shemeji unatoka mwisho wa mwezi. Lakini shemeji kila Jumapili anakuja na kijiti chake kupima tangi. Angekuta limepungua angesema, kama mmefika hapo basi uzeni trekta lenyewe. Na mimi nilijua dizeli inaelea. Ukiacha kidogo juu, kijiti kinatoka kimelowa vizuri na kinanuka dizeli. Nikatia maji chini."

"Mara ngapi?" mumewe aliuliza.

"Mara tatu."

Karani alikuwa ameshika mdomo. "Na mimi nikamleta mnunuzi," alisema taratibu, "nikamwashia asikie mlio. Akanguruma dakika mbili, akakohoa, akazima moja kwa moja."

"Hapo ndipo maji yalipoingia kwenye pampu," Dereva alisema. "Yakakaa humo miezi miwili, yakala chuma."

Halafu Karani akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa. Akaegemea gurudumu, akateremka mpaka akaketi chini na shati lake la pasi. "Shemeji! Kila Jumapili natoka kwangu na kijiti! Naandika kwenye daftari! Kumbe napima maji!"

"Cheka," Mshonaji alimwambia. "Cheka mpaka ushibe. Lakini kaka yako yuko hai anakusikia ukicheka, na sitamwomba mtu yeyote msamaha kwa hilo."

Dereva hakucheka. Karani alipokwisha kuondoka, huku mabega yakiendelea kumtikisika njia nzima, alibaki akilitazama beseni.

"Ungeniambia," alisema.

"Ulikuwa huwezi kusema hata 'maji'. Ulikuwa unaonyesha kikombe kwa jicho."

"Baadaye je? Nilipoanza kusema?"

"Baadaye niliona aibu."

"Ukaniacha nimtukane mdogo wangu."

"Nilikuacha dakika tano, mpaka roho yangu itulie. Hizo dakika tano ndizo zinazoniuma. Maji hayaniumi."

Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Aligeuza uso kwenye ukuta wa mabati, akakaa hivyo mpaka mkewe akadhani siku imeishia pale. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Lete spana namba kumi. Na taa ya mkono."

*

Asubuhi ya Alhamisi habari ilikuwa imefika dukani, kisimani na ghalani. Karani hakuwa na nia mbaya. Ilimshinda tu tumboni. Mteja mmoja alikuja kuchukua gauni lake, akalikunjua, akalinusa kwapani, akalinusa na pindo.

"Unatafuta nini?" Mshonaji aliuliza.

"Hapana, naangalia tu. Wanasema siku hizi unashughulika na mambo ya dizeli."

"Linanuka?"

"Halinuki."

"Basi lipeleke nyumbani likiwa halinuki."

Mwingine alipita dirishani akauliza kwa sauti ya barabarani kama maji ya chai yapo au nayo yametiwa kwenye tangi. Mshonaji alimjibu kwamba yapo, aingie akoge. Lakini alilifunga dirisha, akatia na komeo. Ilimuuma. Angewezaje kutoumia, mtaa ule ule aliokuwa akiupunguzia suruali na kuupandishia mapindo? Kisha alifunika cherehani yake, akabandika karatasi mlangoni, *Fundi yupo nyuma ya nyumba*, akaenda bandani.

Dereva alikuwa amekwisha kujiburura mpaka kwenye kiti chake.

"Kifuniko cha ubavuni," alisema. "Kina visikuru vinne. Taratibu, vimekaa humo tangu baba."

Kifuniko kilipobanduka maji machafu yalimwagika kwenye mapaja ya Mshonaji. Ndani mlikuwa na springi nne zimesimama kwa mstari, na mbele yake ufito mwembamba wa chuma, vyote vimepakwa kutu ya rangi ya chai.

"Sikiliza vizuri," Dereva alisema, na sauti yake ikawa ile ya zamani, ya mtu anayejua kazi. "Ndani ya kila springi kuna pistoni ndogo, nyembamba kama penseli. Ndizo zinazosukuma dizeli kwenye injini. Ule ufito ndio unaoziamuru zisukume nyingi au kidogo. Hizo pistoni zimesagwa kwa kipimo ambacho unywele haupiti. Hakuna nyundo. Hakuna msasa. Na vile visikuru vidogo vilivyokaa juu ya ufito, hata ukivifikiria vibaya tumekwisha."

"Sivifikirii."

"Zungusha feni kwa mkono. Polepole. Angalia springi."

Akaizungusha. Springi ya kwanza ilipanda ikashuka. Ya tatu nayo. Ya pili na ya nne zilikuwa zimebaki juu, zimegandia huko.

"Mbili zimekwama," alisema. "Na ufito hausogei hata kidogo."

"Tungepata mafuta mepesi ya kulainisha. Mafuta ya taa tunayo, lakini peke yake ni makavu."

Mshonaji alikwenda chumba cha mbele, akarudi na kikopo chake chenye mdomo mrefu. "Ya cherehani."

Dereva alikitazama kile kikopo, na kwa mara ya kwanza tangu jana mdomo wake ulikaribia kutabasamu. "Haya. Mpe Shangazi mafuta ya cherehani. Akianza kushona tutauza mapazia."

Walichanganya na mafuta ya taa, wakamimina, wakasubiri. Ili asichanganye pistoni nzima na mgonjwa, Mshonaji alifanya afanyavyo kwenye nguo yenye kasoro: alichomoa uzi mwekundu, akafunga kipande kwenye kijikono kinachoiunganisha pistoni ya pili na ufito, na kingine kwenye cha ile ya nne. Kisha akachukua bisibisi, akaizungushia kitambaa ncha, akaanza kuibembeleza springi ya pili kushuka. Kidogo chini. Ikakataa. Kidogo tena. Mafuta. Kungoja. Kidogo tena.

Mkono wa kushoto wa Dereva ulikuwa ukitembea hewani pamoja na wa mkewe. Mara moja alisahau, akanyanyua na wa kulia. Ukafika nusu ya njia, ukaanguka. Mkewe aliuona, akaendelea na springi.

"Usilazimishe," alisema Dereva. "Unasikia nini mkononi?"

"Kama uzi unaokwaruza kwenye tundu la sindano."

"Hiyo ni kutu. Endelea mpaka isikwaruze."

Saa nane mchana springi ya pili ilishuka ghafla, *tak*, na Mshonaji akapiga kelele mpaka Bibi akauliza barazani nani kafa.

"Hakuna aliyekufa, mama! Kafufuka!"

"Basi punguzeni makelele, wafu wenyewe hawapigi hivyo."

Ya nne ilikuwa kaidi. Iliwachukua Alhamisi yote iliyobaki na Ijumaa mpaka adhuhuri. Ngozi ya kiganja cha Mshonaji ilitoka, akaifunga kitambaa akaendelea. Fundi Pampu alipita na pikipiki, akasimama langoni kuchungulia, akauliza kama wameshafika kwenye vifungo. Alisimama kidogo zaidi ya alivyokusudia, akawasha pikipiki yake akaenda.

Ijumaa adhuhuri ya nne ilishuka. Mshonaji aliusukuma ufito kwa kidole, nao ukateleza, ukarudi wenyewe.

"Tena," Dereva alisema. Ukateleza. "Tena." Alimfanya aurudie mara ishirini. "Ufito huu ukikwamia upande wa kujaa, Shangazi atakunywa mafuta yote kwa mkupuo na mlio utapanda mpaka injini ipasuke. Hapo huzimi kwa swichi wala kwa waya. Unamziba pumzi. Kesho weka ubao karibu."

"Upi?"

"Wowote uliolala vizuri."

"Ubao wangu wa kukatia nguo."

"Huo huo. Nyuzi umetoa?"

"Nimetoa."

Akafunga kifuniko. Walibadilisha chujio, wakaosha tangi kwa dizeli safi, na betri ikapelekwa kwa fundi redio kuchajiwa. Alirudi nayo akisema imezeeka, ina nguvu za kuzungusha mara mbili, tatu, basi.

*

Jumamosi asubuhi dereva mmoja wa bondeni, aliyeahidi kuja kukaa kwenye usukani badala ya Dereva, alituma ujumbe: amepata kazi nyingine, na hata hivyo hataki kuonekana akiendesha trekta linalokunywa maji. Dereva alisoma mara mbili, akaiweka simu mfukoni.

"Panda," alimwambia mkewe.

"Wapi?"

"Juu. Kitini. Unataka nimpandishe mama?"

Akapanda, gauni limefungwa kiunoni kwa kamba. Injini ilikuwa imezima bado. Dereva alisimama chini, ameegemea gurudumu, akamwonyesha kanyagio moja moja kwa ncha ya mkongojo. Walirudia mpaka lori lilipofika.

Mtu wa Chakavu aliwasili saa tano na kuegesha lori lake katikati ya lango kabisa, minyororo ikining'inia nyuma. Karani alikuja naye. Watu wa mtaa nao walikuja, maana nani angekosa? Hata yule mnusa gauni alikuwepo, na Fundi Pampu alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake ng'ambo ya barabara, akijitia anasubiri mtu.

Mshonaji alilegeza nati za mabomba ya juu kutoa hewa, akazungusha injini mpaka dizeli ikachuruzika safi bila mapovu, akazikaza. Mzunguko mmoja wa betri ukawa umeliwa.

"Haya, mke wangu," Dereva alisema.

Akageuza ufunguo. Shangazi alikohoa. Alitoa moshi mweupe, akakohoa tena, akatoa moshi mweusi, akashika. Watu walipiga makofi. Bibi alipiga kigelegele kifupi, cha majaribio.

Lakini mlio haukutulia. Ulipanda. Ukapanda tena, mabati ya banda yakaanza kutetemeka, na makofi yakakatika. Mshonaji alivuta waya wa kuzimia; haukuleta kitu. Karani alikuwa amekwisha kufika barabarani. Mtu wa Chakavu alikuwa nyuma ya lori lake.

"Ubao!" Dereva alipiga kelele. Yeye hakukimbia. Hakuweza, na hata angeweza asingekimbia.

Mshonaji aliruka chini, akanyakua ubao wake wa kukatia nguo, akaubamiza juu ya mdomo wa kuvutia hewa na kuukandamiza kwa kifua chote. Shangazi alivuta, akakosa, akatetemeka mwili mzima, akazima.

Moshi ulisogea uani taratibu.

"Basi," Mtu wa Chakavu alisema akitokeza. "Leteni minyororo."

"Saa yako inasema saa ngapi?" Mshonaji aliuliza, bado amelalia ubao.

"Saa tano na dakika thelathini na tano."

"Basi una dakika ishirini na tano za kusimama. Simama."

Alichukua bisibisi. Visikuru vinne. Kifuniko kikatoka, akaingiza taa, akaingiza uso. Alitazama kwa muda, kisha akatoa kibano chake cha kuchomolea nyuzi kifuani mwa gauni. Pale kwenye pistoni ya nne, umekuwa mweusi kwa mafuta mpaka hauonekani, ulikuwa uzi wake. Ulikuwa umejisokota ukabana kati ya kijikono na ufito, ufito ukabaki upande wa kujaa.

Hakuna aliyeuona isipokuwa yeye. Angeweza kuufinyanga kiganjani, akasema ni kutu, na mtaa mzima ungeamini. Safari hii hakungoja hata dakika moja.

"Ni uzi wangu," alisema kwa sauti, akiunyanyua kwenye kibano. "Nilifunga miwili, nikatoa mmoja. Nilikwambia nimetoa, Dereva, kumbe nimesahau."

Watu waliguna. Karani, aliyekuwa akirudi kwa tahadhari, hakuweza kujizuia. "Shemeji, kwanza maji, sasa uzi!"

"Ndiyo. Kwanza maji, sasa uzi. Na vyote nimevitia mimi na vyote nimevitoa mimi. Wewe ulitoa nini, zaidi ya mbio?"

Hata Mtu wa Chakavu alicheka, na safari hii kicheko kilikuwa upande wa Mshonaji. Dereva hakuwa akicheka. Alimtazama mkewe kama anavyotazama boliti iliyokubali kufunguka baada ya siku tatu. Hakuwa na kinyongo tena, na ilionekana.

"Sukuma ufito," alisema.

Uliteleza, ukarudi.

"Funga. Betri ina mara moja."

Alifunga. Akapanda. Akageuza ufunguo, betri ikalalamika kwa sauti ya mtu anayeamshwa, na Shangazi akakohoa mara moja, mbili, akashika. Mlio ulipanda kidogo, ukashuka, ukatulia kwenye ule mdundo mzito ambao watu wa bondeni waliujua tangu utotoni.

Dereva alikuwa akihangaika kupanda kwenye madigadi kwa mguu mmoja. Karani alisimama akimtazama, kisha akaja akamgeuzia mgongo.

"Panda. Nilishakubeba, uzito wako naujua."

"Suruali yako itararuka."

"Shemeji ataishona."

Akampandisha. Dereva akashika ukingo kwa mkono wake mzima, akainamia sikio la mkewe, akamwambia maneno machache. Gia ikalia. Shangazi akajikuta, kwa nguvu zake mwenyewe, nje ya banda, kwenye jua, akielekea langoni. Na langoni lilikuwa limekaa lori.

Mtu wa Chakavu alinyanyua mikono. "Oya! Ngojeni kwanza! Tuzungumze bei nyingine!"

Trekta halikupunguza mwendo.

"Shemeji, simama!" Karani alikimbia kando ya gurudumu. "Simama! Kanyaga!"

"Sijafundishwa kusimama!" Mshonaji alipiga kelele.

Mtu wa Chakavu alimtazama, akalitazama lile chuma linalokuja, akarukia ndani ya lori lake huku akipapasa funguo.

Ulikuwa uongo. Kitu cha kwanza alichoonyeshwa asubuhi ile, kabla hata ya kuambiwa gia ziko wapi, kilikuwa klachi na breki, na miguu yake yote miwili ilikuwa juu yake wakati wote, tayari. Dereva, pale juu kwenye madigadi, aliiona miguu ile vizuri kabisa. Alinyanyua uso, akatazama mbele.

"Kweli!" alimpigia kelele mdogo wake. "Bado sijamfundisha!"

Lori likarudi nyuma, likarudi tena, mpaka barabara yote ikawa ya Shangazi.